Kihindi, Kiurdu, Kigujarati, Kitamil au Kisanskriti: usome ipi, wapi, na ikulishe vipi

Kihindi changu kiligota Chennai, kusini mwa India. Nilikuwa nimemsindikiza shangazi kwenye upasuaji wa moyo, na kwa majivuno ya mtu aliyekaa Agra mwaka mzima akisomeshwa Kihindi, nikawaambia ndugu: mkalimani wa nini, na mimi nipo? Usiku wa kwanza muuguzi akaingia kubadilisha dripu. Nikamuuliza, kwa Kihindi nilichokipiga pasi kabisa, dawa ile ni ya nini. Akatabasamu, akanijibu kwa Kitamil. Nikarudia polepole. Naye akarudia polepole. Shangazi, mirija puani, akafumbua jicho moja: "Baba, huyu naye hakijui hicho chako." Tukamalizia kwa Kiingereza cha kuunga na ishara za vidole.

Kosa lilikuwa langu, ila nililirithi. Kwetu neno "Kihindi" ni kapu la kila kitu. Mwenye duka la vitambaa akimnong'oneza mkewe kwa Kikutchi, tunasema wanaongea Kihindi. Filamu ya Kitamil ikipita kwenye kibanda cha video, ni muvi ya Kihindi. Katiba ya India yenyewe imeorodhesha lugha 22, na hapo hujavuka mpaka kwenda Pakistan, Bangladesh, Nepal au Sri Lanka.

Sasa mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), anataka kusoma lugha na fasihi za Asia Kusini. Mama yake anaona ni ada kutupwa baharini. Yeye kaniandikia maneno matatu tu: "Mjomba, nichague ipi?" Jibu langu limezidi urefu wa ujumbe wa simu.

Nianze na msimamo, ili asomaye ajue ninakoelekea. Usichague lugha kwa ukubwa wake, chagua kwa jozi. Kihindi na Kiingereza ni jozi wanayoishika mamilioni ya watu waliozaliwa nayo. Wewe wa Tanga au Machakos utawapata wapi? Kihindi na Kiswahili ni jozi ya watu wachache mno. Kigujarati na Kiswahili kiko vichwani mwa familia nyingi za pwani, ila wanaoweza kukisoma na kukitafsiri kwa kiwango cha kazi hawatoshi. Kitamil na Kiswahili sijamkuta hata mmoja, na nilimtafuta kwa udi na uvumba usiku ule.

Kihindi na Kiurdu: tumbo moja, mavazi mawili

Msikilize dereva wa teksi wa Delhi na muuza matunda wa Lahore wakibishana bei: hutajua nani anasema Kihindi na nani Kiurdu. Sarufi ni moja, vitenzi vilevile, na matusi pia. Tofauti inaanza kwenye karatasi. Kihindi huandikwa kwa Devanagari, kuanzia kushoto, herufi zikining'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Kiurdu huandikwa kwa hati iliyotokana na ya Kiarabu, kwa mwandiko wa Nastaliq unaoteremka kwa mshazari. Halafu lugha ikivaa suti, ikaingia bungeni au kwenye taarifa ya habari, Kihindi hukopa Kisanskriti na Kiurdu hukopa Kiajemi na Kiarabu. Mpasuko huo ulipata msukumo mkubwa kwenye chuo cha Fort William, Calcutta, kilichofunguliwa mwaka 1800 kuwafundisha maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Chini ya John Gilchrist waandishi wengine walipewa kazi ya kuandika nathari kwa hati hii, wengine kwa ile. Siasa za baadaye zikamalizia. Mwandishi Premchand (1880–1936) alianza kuandika kwa Kiurdu akahamia Kihindi, na hadi leo madarasa ya pande zote mbili humfundisha kama mtu wa kwao.

Msemaji wa Kiswahili anaingia humo akiwa na mtaji. Pesa, gari, bima, laki, dobi, chapa, chai: hayo yalivuka bahari na kukaa kwetu. Kitabu, wakati, habari, dunia, sababu, akili, hesabu, hata lakini: hayo tuliyapata kwa Kiarabu, na wao pia, wakipitia Kiajemi. Wiki ya kwanza darasani nilijiona fundi. Wiki ya pili nikaanza kuteleza, kwani maneno ya ukoo mmoja hayana tabia moja. Kwetu fursa ni nafasi ya kuchangamkia. Kwao *fursat* ni wakati wa kupumzika, usio na shughuli. Kwetu gharibu ni mgeni. Kwao *gharib* ni maskini. Nilimwambia mwenye nyumba wangu kwamba mimi ni *gharib*, nikimaanisha nimetoka mbali. Akanipunguzia kodi ya mwezi ule.

Kisha kuna mpumuo. *Khana* ni chakula. *Kana*, bila pumzi, ni mwenye chongo. Wazungu wa darasa letu walihangaika na hilo mwezi mzima. Mtu wa Mombasa halimsumbui, kwa sababu kinywani mwake paa mnyama na paa la nyumba havijawahi kuwa neno moja. Mimi wa bara ilibidi nijifunze kwa kushika karatasi mbele ya midomo, nikiangalia kama inapepea.

Tukija kwenye fasihi, mizani yangu inaelemea Kiurdu, na sijifichi. Aliyekariri mashairi ya Kiswahili atakuta ghazali ya Kiurdu inamwita kwa majina ya nyumbani: ubeti kwao ni *bait*, bahari ya shairi ni *bahr*, takhmisa ni *takhmis*. Kina kinakaa palepale, kisha baada yake linarudi neno lilelile kila ubeti kama kiitikio kilichokatwa. Ukimsoma mshairi Ghalib (1797–1869) polepole, ubeti mmoja kwa siku, utaona anavyocheza na maana mbili kwa namna ambayo malenga wa Lamu asingeona ajabu. Kihindi nacho kina utajiri wake, hasa riwaya na hadithi fupi za karne ya 20, na waandishi wapya hawakauki.

Kwa idadi, Kihindi kinashinda bila mjadala: sensa ya India ya 2011 iliwahesabu watu milioni 528 waliokitaja kuwa lugha yao ya kwanza. Kiurdu kilipata takriban milioni 51 huko India, na Pakistan kwenyewe ni lugha ya kwanza ya chini ya asilimia 10 ya watu, ingawa ndiyo lugha ya taifa. Mtanzania hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Lugha isiyo ya mama wa wengi lakini ya wote ndiyo tuliyokulia nayo.

Ushauri wangu wa kiutendaji: kama ulikaa chuoni kwa maalimu na Kiarabu unakisoma, anza na Kiurdu. Devanagari utaiongeza kwa wiki tatu, kwa sababu husomwa karibu kama inavyoandikwa. Aliyeanza na Devanagari mara nyingi haendi upande wa pili. Nastaliq haiandiki irabu fupi, ina herufi nne za sauti moja ya "z", na humkatisha tamaa. Kama hukupita madrasa, anza na Kihindi, usijitese.

Kigujarati na Kikutchi: lugha ya jirani

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu hawatazami.

Vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani vinavyofundisha Kihindi na Kiurdu ni vingi. Kigujarati hufundishwa kwa nadra, na Kikutchi cha eneo la Kutch huko Gujarat, ambacho kiko karibu na Kisindhi na mara nyingi hakiandikwi kabisa, ni kama hakipo kwenye orodha za masomo. Lakini fikiria lugha ipi ilibeba biashara ya pwani yetu. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa miongo kadhaa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Wakutchi, na wakala wake mashuhuri Ladha Damji alikuwa mtu aliyejua nani anamdai nani kuanzia Kilwa hadi Mombasa. Alidina Visram, aliyezaliwa Kutch, alitawanya maduka yake kutoka Bagamoyo hadi Uganda. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa na gazeti la Samachar, lililotoka kwa Kigujarati na Kiingereza. Daftari, hundi, barua za mikopo, wosia, kumbukumbu za nahodha: karatasi za aina hiyo ziliandikwa kwa Kigujarati.

Nani anazisoma leo? Wanahistoria wa Bahari ya Hindi wengi wanajua Kiingereza, baadhi Kiarabu, wachache Kiswahili. Anayeshika Kiswahili na Kigujarati pamoja ana ufunguo wa chumba ambacho wenzake wanachungulia dirishani. Niliwahi kushika daftari la duka lililokuwa likitupwa jijini Dar es Salaam, jalada jekundu la kitambaa. Kwenye ukurasa mmoja jina "Juma wa Mtoni" lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kigujarati, na mbele yake deni la kaniki. Nililitambua kwa sababu Kigujarati ni kama Devanagari iliyovuliwa ule mstari wa juu. Jina la Mswahili ndani ya hati ya Mhindi, na hakuna sehemu nyingine duniani ambapo Juma yule ameandikwa.

Mlango mwingine uko Leicester. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, maelfu ya waliokuwa Uganda walihamia Uingereza, na mji huo ukapata mitaa mizima ya Wagujarati kutoka Afrika Mashariki. Wazee wa rika hilo huchanganya Kigujarati na Kiswahili kwenye sentensi moja. Anayetaka kurekodi historia simulizi, au kuwakalimania wazee hao hospitalini, hawezi kuagizwa kutoka Ahmedabad kule Gujarat. Yule wa Ahmedabad hatajua "fagia", "kisu" wala "sufuria" yanafanya nini katikati ya Kigujarati.

Upande wa pili wa bahari kuna watu wetu. Masidi wa Gujarat ni wazao wa Waafrika, na ngoma yao ya ibada bado wanaiita *goma*. Karachi wapo Masheedi, wanaokusanyika Manghopir kwenye tamasha lao. Kwa tasnifu ya uzamili, mada ya namna hii ina uzito kuliko makala ya elfu moja kuhusu mshairi aliyekwisha kuchambuliwa.

Ugumu? Mwalimu. Utaanza kwa jirani, kwenye jumuiya, kwenye madarasa ya jioni ya watoto wao, ukivumilia kuwa mkubwa peke yako. Baadaye kuna Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao, Baroda, na Gujarat Vidyapith, chuo alichokianzisha Gandhi mwaka 1920 jijini Ahmedabad. Na huwezi kuishi kwa Kigujarati tupu. Lazima kiambatane na historia, sheria, uhasibu au ukutubi.

Kitamil, na neno moja kuhusu Kibengali

Kitamil si ndugu wa Kihindi hata kwa mbali. Ni cha familia ya Kidravidi, na mtu anayejua viambishi vya Kiswahili atajisikia nyumbani anapoona neno moja likirefushwa kwa viambishi mpaka liwe sentensi. Tofauti ni kwamba wao huviweka nyuma, sisi mbele na nyuma. Fasihi yake ina takriban miaka 2,000, na mwaka 2004 ndiyo ilikuwa ya kwanza kupewa hadhi ya lugha ya kale na serikali ya India, mwaka mmoja kabla ya Kisanskriti, jambo ambalo Watamil hawatakuacha ulisahau. Ni lugha rasmi pia Sri Lanka na Singapore. Kinachochosha ni kwamba Kitamil cha kitabuni na cha mtaani ni kama lugha mbili: ukijifunza kimoja utamuuliza bei muuza ndizi kama vile unasoma khutba.

Ila angalia ndege za kutoka Dar es Salaam na Nairobi zinabeba nani kwenda India. Wagonjwa na wasindikizaji wao ni wengi, na Chennai ni mojawapo ya vituo vyao vikuu. Daktari anajua Kiingereza. Muuguzi wa usiku, mfamasia wa kona na mwenye chumba cha kupanga mara nyingi ni Kitamil. Mkalimani wa Kitamil na Kiswahili anayejua tofauti ya figo na ini ana kazi inayomsubiri.

Kibengali nakipita haraka, si kwa dharau. Kina mshairi Tagore, aliyepata Nobel mwaka 1913, na kina watu waliokufa kwa ajili yake Dhaka tarehe 21 Februari 1952, siku ambayo UNESCO imeifanya ya lugha za mama. Ukipenda kazi za misaada, kambi za Warohingya za Cox's Bazar zimehitaji sana watu wa lugha, ingawa hata Kibengali sanifu huko hakitoshi. Kwa jozi na Kiswahili, sioni bado pa kukishikiza.

Kisanskriti: mbio ndefu

Hii ni lugha ya kusoma kuliko ya kusemea. Malipo yake ni ya muda mrefu kiasi hiki: chuo cha Deccan, Pune, kilianza mradi wa kamusi kubwa ya Kisanskriti mwaka 1948, juzuu ya kwanza ikatoka 1976, na baada ya juzuu zaidi ya 30 bado wako kwenye herufi ya kwanza, "a". Ukicheka, si yako. Ukitamani kuwa mmoja wao, karibu. Ajira ziko kwenye vyuo, makumbusho, miswada ya kale na tafsiri za kitaaluma. Kwa mtu wa HKL asiye na mtaji wa familia, ningemwambia aiweke iwe lugha ya pili baada ya Kihindi, asiifanye nguzo.

Kwa anayependa kuona vyote kwa mkupuo:

| Lugha | Kinachotusaidia | Kinachochosha | Kazi iliyo karibu nasi |
|---|---|---|---|
| Kihindi | Hati nyepesi, filamu tele | Jinsia ya kila nomino | Tafsiri za runinga |
| Kiurdu | Maneno ya pamoja, ushairi | Nastaliq | Ghuba, Uingereza, redio |
| Kigujarati | Wasemaji mtaani | Walimu na vitabu haba | Nyaraka, historia, biashara |
| Kitamil | Viambishi | Lugha mbili katika moja | Ukalimani wa matibabu |
| Kisanskriti | Hakuna haja ya kuisemea | Miaka | Chuo kikuu, makumbusho |

Wapi

Anza nyumbani. Dar es Salaam kuna Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda, chini ya ubalozi wa India, kinachofundisha Kihindi. Miezi sita pale itakuonyesha kama unaipenda lugha au ulipenda nyimbo tu. (Kampasi ya IIT Madras iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 2023 isikuchanganye: ilianza na sayansi ya data na akili mnemba, si lugha.)

India ndiyo yenye uwiano mzuri kati ya gharama na faida. Baraza la Uhusiano wa Kitamaduni la India, ICCR, hutoa ufadhili kwa Waafrika kupitia tovuti yake ya A2A: ada, posho na pango. Taasisi Kuu ya Kihindi ya Agra, Kendriya Hindi Sansthan, huchukua wageni kwa mwaka mmoja wa Kihindi tu. Ubaya wake ni kwamba cheti cha Agra si shahada. Kabla ya kwenda kusoma shahada nje, Mtanzania aulize tume ya vyuo vikuu, TCU, kuhusu chuo na programu, Mkenya aulize ya kwao, CUE, maana kurudi na karatasi isiyotambuliwa ni msiba. Faida ambayo haimo kwenye vipeperushi: Chuo Kikuu cha Delhi kina idara ya masomo ya Afrika inayofundisha Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka mtu wa kuongea naye ndiye rafiki bora wa mwanafunzi wa Kihindi. Saa moja kwako, saa moja kwangu, chai mezani.

Ujerumani watu huiita ya bure, na hapo ndipo wanapoumia. Taasisi ya Asia Kusini ya Heidelberg, iliyoanzishwa 1962, ina jina kubwa, lakini jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hamburg, yenye mizizi katika miswada ya Kitamil na Kisanskriti, haina ada hiyo. Kote lazima uonyeshe pesa za kujikimu kwenye akaunti maalumu, euro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichowekwa 2024. Na shahada ya kwanza mara nyingi ni kwa Kijerumani, kwa hiyo unajifunza lugha mbili ili usome moja.

SOAS ya London, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ina jambo la pekee: Kiswahili na lugha za Asia Kusini chini ya paa moja, na imekuwa shule ya Afrika pia tangu 1938. Ada kwa mgeni inazidi pauni 20,000 kwa mwaka. Bila Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, au ule wa Jumuiya ya Madola, usijaribu, na Chevening inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi kwanza, kwa hiyo si ya aliyetoka kidato cha sita.

Marekani ni ya uzamivu. Chicago ndiko alikofundisha A. K. Ramanujan, mtafsiri wa mashairi ya kale ya Kitamil, na maktaba yake ina hazina ambayo chanzo chake ni ngano. Kwa sheria ya PL-480 ya mwaka 1954, India ilinunua nafaka ya Marekani na kulipa kwa rupia. Rupia hizo hazikuweza kutumika kirahisi nje ya India, basi kuanzia 1962 sehemu yake ikanunua vitabu, kila lugha, na kuvisafirisha kwenye vyuo vya Marekani. Ndiyo maana riwaya ya Kihindi isiyopatikana Allahabad unaweza kuikuta Illinois. Lakini mwaka 2025 Chicago ilitangaza kupunguza na kusimamisha udahili wa uzamivu katika idara nyingi za sanaa na fasihi. Anayepanga maisha yake yote juu ya njia hiyo ajue iko hivyo.

Ikulishe vipi

Kazi ya uhadhiri naisema kwa sentensi moja: nafasi ni chache, foleni ni ndefu, na kwetu idara za lugha hizi karibu hazipo.

Tafsiri inahitaji macho makali zaidi. Tafsiri ya maandishi ya kawaida, matangazo na maelekezo ya bidhaa, mashine imeshaila. Ya fasihi haijaliwa. Mwaka 2022 tuzo ya International Booker ilikwenda kwa Geetanjali Shree na mtafsiri wake Daisy Rockwell, mara ya kwanza kwa kitabu kilichotoka Kihindi, na pauni 50,000 wakagawana nusu kwa nusu. Rockwell ni Mmarekani mwenye uzamivu wa fasihi ya Asia Kusini kutoka Chicago, na ni mchoraji pia. Mwaka 2025 zamu ikawa ya Kikannada, Banu Mushtaq na mtafsiri Deepa Bhasthi. Tuzo si mshahara, ila inaonyesha kwamba mtu aliyejifunza lugha ukubwani anaweza kufika.

Kwetu soko liko kwenye runinga. Tamthilia za India zinatiwa sauti kwa Kiswahili, na nyingi hupitia Kiingereza kwanza. Nilipewa moja niihariri. Msichana anagombea nyumba ya marehemu baba yake, na anayemdhulumu ni mtu ambaye hati yote ya Kiswahili ilimwita "mjomba". Nikajiuliza, mjomba anarithije mali ya upande wa baba? Nikasikiliza sauti ya asili. Msichana alikuwa anasema *chacha*, yaani baba mdogo. Kiingereza kilikuwa kimeandika neno moja kwa wote, na mtafsiri akabahatisha. Mjomba kwa Kihindi ni *mama*, tamka hivyohivyo, na alikuwepo kwenye tamthilia, mtu mwema anayeleta peremende, naye aliitwa mjomba pia. Shangazi ni *bua*, mama mdogo ni *mausi*. Kiswahili na Kihindi vinapanga ukoo kwa macho yaleyale. Kiingereza ndicho kilichokaa katikati kikavuruga. Nilirekebisha sehemu 40. Kampuni ilinilipa kwa bei ya kusahihisha herufi, kwa kuwa kwenye mkataba hakuna kilichosema nilijua Kihindi. Kosa hilo mpwa wangu asilirudie: ujuzi wa lugha ya asili uandikwe kwenye mkataba na uwe na bei yake.

Ukalimani wa Uingereza una njia iliyonyooka: stashahada ya ukalimani wa huduma za umma, halafu usajili, halafu mahakama, hospitali na polisi. Kiurdu, Kipunjabi na Kibengali vinatakiwa, lakini unashindana na waliozaliwa navyo. Ukiongeza Kiswahili kwenye kadi yako, unaitwa mara mbili.

Maktaba na nyaraka watu hawazifikirii. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi, New Delhi na Islamabad, na huajiri wenyeji kununua na kuorodhesha vitabu. Redio nazo zimebana mikanda, ila DW ya Bonn ina idhaa za Kiswahili, Kihindi, Kiurdu na Kibengali jirani. Ghuba ni tofauti: Muscat na Dubai Kiurdu cha sokoni kitakusaidia katika kazi ya hoteli, bandari au duka, lakini hakuna anayekiajiri peke yake. Ni chumvi, si wali.

Nilipomaliza kumweleza haya yote, mpwa wangu alinyamaza siku nne. Siku ya tano alinitumia sauti. Amechagua Kigujarati, pamoja na shahada ya historia hapahapa nchini, na Kihindi cha jioni pale kituoni mpaka atakapoomba ICCR. Mwalimu wake wa kwanza ni mama wa duka la vitambaa karibu na kwao, anayemfundisha akiwa anapima mita, na ameanza na namba. Nikacheka. Namba za Kigujarati hazina huruma: hadi 100 kila moja unaikariri peke yake, na 39 ni *oganchalis*, yaani arobaini kasoro moja. Kwenye sauti ile anasikika akihesabu vizuri mpaka 38, kisha kimya, kisha sauti ya mama yule nyuma, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka: "Haya mwanangu, rudi tena thelathini."